Ini Huweka kwa Ajili ya Wengine

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na maswahaba zake.



Tuutazame mwili tuliopewa, hasa mchana wa Ramadhani. Wanga wa nsima tuliyokula daku humeng'enywa ukawa glukosi na kuingia kwenye damu. Kongosho hutoa insulini, seli hupata riziki yake, na ziada huwekwa akiba katika ini na misuli. Saa chache baadaye ini hufungua ghala lake, gramu 100 hivi, na kurudisha glukosi kwenye damu ili ubongo usipungukiwe. Akiba ikipungua, hutengeneza glukosi mpya kutokana na protini na sehemu ya mafuta. Subhanallah! Wakati huo ini lenyewe hujiendesha kwa mafuta. Glukosi huwapelekea wengine.

Misuli ina akiba kubwa kuliko ini, lakini haina kimeng'enya cha kuirudisha kwenye damu. Hutumia yenyewe. Misuli haina lawama, ndivyo ilivyoumbwa. Sisi tumepewa hiari.

Mimi nimekulia Dzaleka, wilaya ya Dowa, zaidi ya kilomita 40 kutoka hapa Lilongwe ninakosoma. Kambi ilifunguliwa mwaka 1994. Leo ina watu zaidi ya 50,000, na mgao wa chakula umepunguzwa zaidi ya mara moja. Sisi tukifunga, tunajua Magharibi itaadhiniwa na futari ipo. Mama aliyeishiwa unga kabla ya siku ya mgao hana adhana ya kumfuturisha. Njaa ikiendelea, mwili wake hutafuta protini katika misuli yake mwenyewe, katika mikono ile ile inayolima na kumbeba mtoto.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa waumini ni mfano wa mwili mmoja. Basi katika mwili huo, wewe ni ini au misuli? Posho ikiingia, kila mmoja atenge walau kilo moja ya unga au maharage, tukusanye, tupeleke Dzaleka kabla mwezi haujaisha, bila kuuliza dini ya mwenye njaa. Tusingoje tushibe kwanza. Ini hutoa hata tukiwa tumefunga.

Allah atujaalie mikono yenye kutoa, na awaruzuku ndugu zetu kwa wasaa. Amin. Wabillahi tawfiq.