Je, Msafiri Arejeapo Ana Deni?

Tumeletewa swali na baadhi ya wenzetu wa Malindi, nasi twalijibu hapa kwa kuwa lawahusu wengi. Wauliza: mtu aliyekwenda Maskati au Dubai kuwazuru jamaa zake na kujipumzisha kwa mwezi mmoja, kisha akarejea bila ya zawadi, je, amewavunjia ahli zake haki yao? Na ikiwa hana kitu, je, yafaa akope huko huko ugenini ili asirudi mikono mitupu?

Swali hili laonekana dogo, lakini ndani yake mna jambo zito. Wako watu waliomaliza haja zao ugenini zamani, na hawarudi. Hawakukosa nauli, wala hapana aliyewafungia njia. Waona haya tu. Wazee wao wawangoja, na wengine wamekwisha kufa katika kungoja huko, na kizuizi chenyewe ni sanduku lisilojaa. Ibn Battuta, aliyepita pwani yetu hii mwaka 1331 akafika Mombasa na Kilwa, aliondoka kwao Tanja mwaka 1325. Alipogeuza uso kurudi aliambiwa Damaskasi kwamba baba yake amekufa tangu miaka kumi na mitano, na alipokaribia nyumbani mwaka 1349 akapata khabari kuwa mama yake naye ametwaliwa na tauni. Mzazi hangoji mpaka mizigo ikamilike.

Zamani msafiri wa pwani alikuwa na udhuru. Aliyekwenda Arabuni kwa jahazi alikwenda na kusi akarudi na kaskazi, na baina ya pepo mbili hizo hakuwa na hiari yake. Mwenye kuasi mpango huo alilipa. Vasco da Gama alitoka Malindi mwezi wa Aprili 1498 akiongozwa na rubani aliyepewa hapa hapa, na kwa muda usiofika mwezi mmoja akaiona nchi ya Bara Hindi. Katika kurudi hakungoja upepo wake. Aliondoka mwanzo wa Oktoba, na bahari ile ile ikamchukua miezi mitatu. Watu wake thelathini wakafa njiani kwa ugonjwa wa fizi, na waliobaki wenye nguvu walikuwa saba au wanane katika kila chombo. Walipoingia Malindi Januari 1499 walikuwa ni wagonjwa waombao machungwa, na mfalme wetu Mwislamu akawapelekea. Wako wanaomlaumu mfalme huyo mpaka leo, kwa kuwa Wareno walirudi mwaka 1505 wakaipora Kilwa na kuichoma Mombasa. Sisi twaona lawama hiyo haikuwekwa mahali pake. Siasa yake na jirani zake ni mlango mwingine, nao una maneno mengi. Ama chakula kwa mgonjwa aliyetoka baharini, hicho hutolewa kwa hali aliyo nayo siku ile, na ghaibu aijua Mwenyezi Mungu peke yake.

Leo ndege humfikisha mtu Mombasa kwa saa chache, na kutoka hapo mpaka Malindi ni kiasi cha kilomita mia na ishirini kwa njia ya Mtwapa na Kilifi. Hata kungoja feri ya Kilifi kumeondoka tangu lilipofunguliwa daraja mwaka 1991. Basi kwa nini kurudi kwaonekana kurefu kuliko kwenda? Kwa sababu mwenye kwenda huchukuliwa na tamaa yake, na mwenye kurudi hubeba tamaa za watu wengine. Shangazi ameagiza kitambaa, mjomba ameagiza saa, na jirani, ambaye hakuja hata kumuaga, ameagiza simu.

Sharia haikumtazama msafiri kwa jicho hili. Katika madhehebu yetu ya Shafi, msafiri wa masafa marefu aliyeruhusiwa kupunguza sala haivuliwi ruhusa hiyo kwa kuwa amegeuza uso nyumbani. Yuko nayo Mombasa, yuko nayo Kilifi, mpaka aingie mpaka wa mji wake. Sharia yamhesabu kuwa mtu mwenye mashaka hadi hatua ya mwisho. Na zaidi ya hayo, msafiri aliyekatikiwa njiani amewekewa fungu katika zaka, japo huko kwao ana shamba na nyumba. Maana yake ni kuwa dini yamwona mwenye kurejea kama mtu wa kupewa. Sisi twamwona kama mtu wa kutozwa. Na Mtume (s.a.w.), kwa alivyopokea Abu Huraira, alipoitaja safari kuwa ni sehemu ya adhabu alimhimiza mtu aharakishe kurudi haja yake ikiisha, hakutaja soko.

Lakini hatupendi kufahamika kwamba zawadi ni bidaa. Kupeana zawadi kwaleta mapenzi, na Mtume alikuhimiza. Tena walio nyumbani nao wana hoja. Mtu aondokapo kwenda kutembea, yuko aliyebaki na watoto wake, aliyewapeleka chuoni, aliyekesha na mgonjwa. Huyo amelipa sehemu ya safari ile kwa usingizi wake, na msafiri akimpita bila ya hata neno la shukrani, amemdhulumu. Kanga moja, au tende kidogo, kwa aliyekulelea wanao ni jambo jema mno. Mambo yaharibika pale mpokeaji anapoipindua zawadi kutafuta bei yake, au anapoipima na aliyoletewa wifi yake. Kitu kidaiwacho hivyo kimekwisha kuwa kodi, na jina la zawadi ni la kukisitiri tu.

Ama kukopa, wanazuoni wa madhehebu yetu hawamruhusu mtu asiye na dharura kukopa hali hana njia dhahiri ya kulipa, ila akopeshaye awe aijua hali yake. Mwenye mshahara unaojulikana, akakopa kidogo kwa jamaa yake na kukawa na maandishi, hatumzuii, ingawa hatumsifu. Ama mwenye kurudi na masanduku matatu na deni la mwaka mzima, kisha akawanyima wanawe ada ya shule, huyo amewapa watu wa mbali mali ya watu wa karibu.

Na liko deni moja ambalo msafiri analo kweli, wala hapana amdaiye: kusema kweli juu ya alikotoka. Arudipo hueleza majumba marefu na barabara zing'aazo. Haelezi kwamba mwenyeji wake alala na watu wanane chumba kimoja, wala kwamba binti fulani wa huku anayefanya kazi za nyumbani amenyang'anywa pasi yake na mwajiri. Vijana wa Malindi na Kilifi husikiliza barazani, kisha huuza kiwanja cha baba yao ili wakafuate waliyoyasikia. Kwa rai yetu, khabari hizo zina haki juu yake kuliko kitambaa cha shangazi, na hazina uzito katika mizani ya uwanja wa ndege.

Arejeapo, sunna ni aanzie msikitini kwa rakaa mbili, kama alivyosimulia Kaab bin Malik, na asiwaingilie watu wake usiku kwa ghafla bila ya kuwapa khabari. Hili la pili ni jepesi leo, maana simu iko.

Limebaki swali dogo lililoandikwa chini ya barua: jamaa waliokodi gari mpaka Mombasa kumlaki, watu kumi na wanne, je, nauli ni juu ya nani? Ikiwa hakuwaita, nauli ya kwenda ni yao. Ya kurudi wapatane naye kabla hawajapanda.