Simu Iliyobaki Njiani

Mwishoni mwa 2022, familia zilizokimbia mapigano ya Rutshuru zilijaa Kanyaruchinya na Munigi, nje ya mji wa Goma, juu ya mawe meusi ya volkano ambako hata kuchimba choo ni kazi ya nyundo. Maji yaliletwa kwa malori, na kipindupindu kikaingia kambini. Mimi nilipewa kazi niliyoiona ndogo: kutengeneza programu ya wavuti ambayo wahudumu wa matangi wangeifungua kwenye simu zao, waandike bidoni ngapi zimejazwa na tangi limekauka saa ngapi, ili lori la kesho lijue pa kuanzia.

Niliitengeneza ofisini, katikati ya mji, penye intaneti nzuri. Ilifunguka papo hapo. Kila kitu nilikipa faili yake: hesabu faili yake, ramani faili yake, tarehe faili yake, hadi kila alama ya kitufe. Jumla zilikuwa 58. Kwa anayeandika msimbo huo ni utaratibu mzuri kweli. Kosa langu ni kwamba nilizipeleka Munigi vilevile zilivyokuwa.

Siku ya kwanza nilisimama kando ya tangi na mama aliyekuwa akihesabu. Skrini ya simu yake, yenye ufa kwenye kona, ilikuwa nyeupe tupu, kiduara kikizunguka. Bidoni ya kwanza ikajaa, ya tano ikajaa, ya kumi ikajaa. Akanitazama bila hasira. “Mutoto yangu, maji ilisha fika, simu yako iko bado mu njia.” Akaifunga simu kwenye pindo la kitenge, akatoa daftari la shule na kalamu.

Anayeijua barabara ya Rutshuru ataelewa upesi. Chukudu, baiskeli ya mbao, hushuka kutoka Kibumba na magunia ya viazi, mzigo mmoja, safari moja. Mimi nilikuwa nimetuma watu 58, kila mmoja na kiazi kimoja mkononi. Kwa HTTP/1.1, ambayo seva yetu iliitumia, kivinjari hufungua njia kama sita tu kwa seva moja. Faili ya saba husubiri. Kila faili lazima iombwe, na ombi lile lilikwenda hadi Ulaya, ilikokuwa seva yetu, na kurudi. Mtandao ukilegea, kila safari huvuta muda, na kinachopotea njiani hutumwa tena. Wapo watakaosema HTTP/2 ya mwaka 2015 imemaliza shida hii. Inasaidia, kwa kuwa hupitisha faili nyingi katika njia moja, lakini paketi moja ya data ikipotea, zilizo nyuma yake zote husimama kuingoja. Na Munigi paketi zilikuwa zikipotea.

Cha kuumiza zaidi, rekodi za seva zilionyesha kwamba mambo ni mazuri. Simu zilizokata tamaa hazikuwa zimetuma taarifa ya kufunguka kwa ukurasa, basi hazikuhesabiwa. Chris Zacharias, aliyekuwa mhandisi wa YouTube, alisimulia mwaka 2012 jinsi alivyoupunguza ukurasa wa video kutoka megabaiti 1.2 hadi chini ya kilobaiti 100, kisha akashangaa kuona wastani wa muda wa kufunguka umepanda. Sababu ni kwamba watu wa Afrika, Amerika ya Kusini na kwingineko, ambao zamani ukurasa ungewachukua dakika 20, sasa waliupata kwa dakika mbili, wakaanza kuutumia. Kabla ya hapo hawakuonekana kwenye takwimu hizo.

Usiku wa siku ile ya kwanza nilitumia esbuild, chombo alichokitoa Evan Wallace mwaka 2020. Kwa muda usiofika sekunde moja kilifunga faili zote za JavaScript kuwa moja na za CSS kuwa moja, kikazikoboa: maelezo niliyojiandikia, nafasi tupu, majina marefu, vyote vikaenda kama maganda ya mahindi. Ukitaka kujua maganda yana uzito gani, itazame jQuery, maktaba ya JavaScript: nzima ina karibu kilobaiti 280, ikikobolewa hubaki chini ya 90, na seva ikiibana kwa gzip husafiri na 30 hivi.

Nikadhani nimemaliza. Lakini nilikuwa nimeiambia simu itunze furushi lile mwaka mzima, na jina lake halikubadilika. Niliposahihisha hesabu ya lita, simu ziliendelea na msimbo wa zamani, zenye kosa. Nikaweka alama mpya kwenye jina kila nilipobadilisha kitu, na hapo kila sahihisho dogo likawalazimu wahudumu kupakua furushi zima, pamoja na ramani nzito ambayo hakuna mhudumu aliyeifungua, kwa mega walizonunua kwa pesa zao. Ilibidi ramani ifungwe peke yake, iitwe pale tu inapotakiwa.

Yote hayo yalikula siku nne. Daftari la yule mama lililowa kwa mvua, kurasa zikagandana, na lori lilipangwa kwa kukisia. Safu za tangi lile kwenye programu kwa siku hizo nne ziko tupu mpaka leo. Ndugu unayejenga, kabla hujakabidhi kazi yako, nenda penye mtandao kama ule wa Munigi na simu ya bei ndogo, futa kumbukumbu ya kivinjari, fungua ukurasa wako kando ya tangi, na uhesabu bidoni zinazojaa kabla haujafunguka.