Alama ya Kwanza Unajipa Mwenyewe

Ulikuwa mwezi Juni, mwaka wangu wa tatu kazini. Nilikuwa masijala ya ofisi moja ya serikali, fomu ya OPRAS, ile ya tathmini ya utendaji wa mwaka, mezani, penseli mkononi. Waliowahi kuijaza fomu ile wanaikumbuka: kila lengo ulilokubaliana na msimamizi wako mwaka wa fedha ulipoanza lilikuwa na alama tatu. Ya kwanza unajipa wewe, ya pili anakupa msimamizi, ya tatu ni ile mnayokubaliana. 1 ndiyo ya juu kabisa, 3 ni wastani, 5 ni mbaya mno. Nikajaza 3, 3, 3 mpaka chini, nikaipeleka.

Msimamizi wangu, mama wa makamo, akavaa miwani, akasoma kimya.

“Mwaka huu yamepotea majalada mangapi hapa masijala?”

“Hakuna, mama.”

“Barua ngapi zimelala bila kumfikia mhusika?”

“Hakuna, mama.”

“Sasa hii 3 ni ya nani?”

Sikuwa na jibu. Akafungua droo, akanipa raba. “Nenda kaijaze upya, mwanangu. Safari hii jaza kazi, usijaze woga.”

Nikarudi mezani kwangu, nikafuta. Lakini nilipokuwa nafuta nikagundua kwamba ile 3 haikuzaliwa siku ile. Nilitembea nayo mwaka mzima. Ilinikalisha kiti cha nyuma kwenye vikao. Ilininyamazisha nilipokuwa na wazo. Tangazo la mafunzo lilipobandikwa ubaoni, ilininong’oneza kwamba wapo wanaostahili kuliko mimi, nami nikaliacha tangazo lipite. Msimamizi alikuwa bado hajashika kalamu, na mimi nilikwishajihukumu.

Ndugu msomaji, nakuuliza swali lile lile: alama unayotembea nayo ni ya nani?

Mwaka 1997 watafiti watatu, Timothy Judge, Edwin Locke na Cathy Durham, waliandika kuhusu hukumu hii ya ndani ambayo kila mfanyakazi anajipa mwenyewe. Wakasema imesimama juu ya nguzo nne: jinsi unavyojithamini, jinsi unavyoamini kwamba unaweza, nani unadhani ameshika usukani wa maisha yako, na jinsi moyo wako unavyotulia mambo yanapochafuka. Miaka minne baadaye Judge na mwenzake Joyce Bono wakakusanya matokeo ya tafiti nyingi, wakakuta kwamba nguzo zote nne zinakwenda pamoja na mtu kuridhika na kazi yake, na pia na kuifanya vizuri. Hakuna anayesema hilo ndilo kila kitu. Mshahara una uzito wake, vitendea kazi vina uzito wake, haki ina uzito wake. Ila hivyo vyote unavitazama kwa macho yako mwenyewe, na macho hayo yanategemea unajionaje.

Tazama jambo dogo. Mhudumu anachungulia mlangoni: “Bosi anakuita.” Mmoja anaingiwa na baridi. Kabla hajafika ngazini ameshakumbuka makosa yote ya mwezi, ameshatunga utetezi, na akiingia anajibu swali ambalo hajaulizwa. Mwingine anachukua daftari na kalamu, anakwenda. Wahenga walisema mtu hakatai wito, hukataa aitiwalo. Wito ni ule ule na mlango ni ule ule, lakini mmoja ameitikia kazi na mwingine ameitikia hofu yake.

Tazama na lingine. Wawili wamekosa kupanda daraja. Wa kwanza anasema, “Hapa ni kujuana tu,” na tangu siku hiyo anafika saa tatu na kuondoka saa nane. Wa pili naye anajua kujuana kupo. Hata hivyo anakwenda utumishi kuuliza: jalada langu limepungukiwa nini? Anaambiwa cheti hakijawasilishwa, au tathmini ya mwaka mmoja haimo. Analeta. Kama ni uonevu, anakata rufaa kwa maandishi. Mwanasaikolojia Julian Rotter alilichambua jambo hili mwaka 1966: wapo wanaoamini kwamba yanayowapata yanatoka mikononi mwao, na wapo wanaoamini yanatoka kwa bahati au kwa wakubwa. Dhuluma ipo, tusidanganyane. Lakini aliyeuachia usukani hawezi kukata kona hata barabara ikiwa wazi.

Najua utaniambia, “Mimi ndivyo nilivyoumbwa.” Ni kweli, kila mtu ana hulka yake, na sehemu yake tumezaliwa nayo. Sikia basi habari njema. Mwaka 1991 Murray Barrick na Michael Mount walilinganisha hulka za watu katika kazi za aina mbalimbali: wataalamu, polisi, mameneja, wauzaji, mafundi. Hulka iliyoonekana kusaidia utendaji katika makundi yote haikuwa uchangamfu wala ulimi mtamu. Ilikuwa ni kujituma kwa uangalifu: kupanga kazi, kutimiza ahadi, kumaliza ulichoanza. Kwa hiyo wewe mpole, wewe usiyependa kusema mbele za watu, usijishushe kwa sababu jirani yako anaongea kuliko redio. Ukimya wako si upungufu.

Na imani kwamba unaweza, hiyo inajengwa. Albert Bandura, mwanasaikolojia mzaliwa wa Canada, aliwasaidia watu waliokuwa wanaogopa nyoka kupita kiasi. Hakuwapa hotuba. Kwanza walimtazama mtu mwingine akimshika nyoka. Kisha wakasogea karibu, wakagusa, hatua kwa hatua, mpaka nyoka akatulia mikononi mwao. Kilichomgusa Bandura ni kwamba baadaye baadhi yao walianza kujaribu mambo mengine maishani ambayo hawakuwa wakithubutu. Ushindi mmoja wa kweli uliwabadilishia hesabu yote. Polepole ndio mwendo: leo toa hoja moja kikaoni, wiki ijayo omba kuandika ripoti, mwezi ujao omba kuiwasilisha.

Lakini tahadhari, usije ukatupa woga ukaokota majivuno. Mwamba ngoma huvutia kwake. Yupo anayejipa 1 kila mstari, na ukiuliza kazi iko wapi anakuonyesha tai. Huyo naye hajajipima, na kwa kuwa anajiona amefika, hajifunzi tena. Dawa yake na dawa ya mwoga ni moja: ushahidi. Nunua daftari dogo. Kila Ijumaa kabla hujafunga ofisi andika mistari mitatu: nilichokamilisha, nilichoharibu, nilichojifunza. Mwoga atashangaa kuona alivyofanya mengi. Mwenye majivuno atashangaa kuona yaliyobaki.

Na wewe uliyepewa watu wa kuwaongoza, jua kwamba neno lako linaingia moja kwa moja kwenye alama wanayojipa. Ukimfokea mtu mbele ya wenzake, umemwongezea woga, na kesho atakuficha kosa ambalo ungeweza kulirekebisha leo. Ukimwambia bayana alichofanya vizuri, kwa idadi na kwa tarehe, umempa kitu cha kusimamia. Mama yule hakunisifu hata kidogo. Aliniuliza maswali mawili ya kazi, na maswali yale yamenifaa kuliko hotuba zote nilizosikia.

Utataka kujua fomu yangu iliishaje. Kwenye utunzaji wa majalada tulikubaliana 1. Kwenye barua, 2. Kwenye lengo la kujiendeleza ilibaki 3 ile ile, kwa sababu tangazo la mafunzo nililiacha lipite, na mama hakunionea haya. Mwaka uliofuata tangazo lilipobandikwa, jina langu lilikuwa la kwanza kwenye orodha.

Siku hizi watumishi wa umma Tanzania wamehamia mfumo wa tathmini wa kielektroniki, PEPMIS. Penseli na raba zimekwenda zao, lakini alama ya moyoni bado unaijaza wewe, kila asubuhi, kabla hujafika getini. Usimwachie woga ashike kalamu, wala usiwaachie waliowahi kukudharau. Ijumaa hii fungua daftari, andika mistari yako mitatu, ujisomee kwa haki. Halafu Jumatatu nenda kikaoni, ukae kiti cha mbele.