Nyota Kubwa na Dhahabu Yetu



Katika kitabu cha Ayubu, sura ya 38, Mungu anamwuliza mtumishi wake habari za Kilimia na Orioni. Nyota hizo si ngeni kwetu. Mwezi wa Januari, mawingu ya mvua yakiachana, tukitoka nje saa tatu usiku twaziona juu angani. Kilimia ni kile kifungu kidogo ambacho jina lake latokana na kulima. Karibu nacho ipo nyota nyekundu iitwayo Aldebaran, na katika Orioni ipo nyingine nyekundu, Betelgeuse. Hizi mbili zina fundisho kwa watu wa Shinyanga na Geita.

Nyota huwaka kwa kugeuza hewa ya haidrojeni kuwa heliamu. Jua letu limewaka hivyo kwa miaka ipatayo milioni 4,600. Baada ya miaka mingine kama milioni 5,000 litavimba na kuwa jitu jekundu, mfano wa Aldebaran, ambayo upana wake wazidi wa jua mara 40. Moyoni mwa majitu hayo heliamu hugeuka kuwa kaboni. Kaboni hiyo imo katika mkaa wa jikoni, katika miili yetu, na katika almasi za Mwadui, alizozigundua Williamson mwaka 1940.

Betelgeuse ni jitu kuu. Ingewekwa mahali pa jua, ingeimeza dunia na kuipita njia ya Mirihi. Lakini mwenye kuni nyingi ndiye azichomaye kwa pupa: nyota hiyo haijafika miaka milioni 20, nayo imekwisha kuzeeka. Siku moyo wake utakapogeuka kuwa chuma, hautatoa joto tena. Utaanguka ghafula, na nyota itapasuka. Mwezi wa Februari 1987 watu wa kusini mwa dunia waliona kwa macho tu jitu kuu moja likipasuka hivyo, mbali sana, mwanga wake ukiwa umesafiri miaka ipatayo 160,000.

Mara nyingine hubaki kiini kidogo, kizito ajabu. Tarehe 17 Agosti 2017 wataalamu waligundua viini viwili vya namna hiyo vikigongana, na katika mwanga wake wakaona dalili za madini mazito yakiumbwa. Ndivyo, watuambia, ilivyozaliwa dhahabu, au sehemu yake kubwa.

Basi, ndugu, dhahabu ya Geita na ya Bulyanhulu ilikuwapo kabla ya jembe la kwanza na kabla ya kampuni ya kwanza. Hakuna aliyeiumba. Mtume Paulo awauliza Wakorintho wana kitu gani ambacho hawakupewa. Swali hilo latuhusu sisi tukaao juu ya machimbo.

Tena, nyota haikutufaa kwa kung'aa kwake. Ilitufaa ilipotoa yaliyokuwa ndani yake. Miongoni mwetu wapo wang'aao. Kijana apata mawe mazuri usiku mmoja, mji mzima wamjua. Majuma machache baadaye arudi shimoni na deni, na nyumbani mtoto hana daftari. Mama auzaye mihogo sokoni hang'ai, lakini watoto wake wamekula kila siku, kama nyota ndogo iwakayo polepole ikazipita zote kubwa kwa umri.

Na sisi wa kanisani tujipime. Siku ya mavuno mwenye duara aleta kitita, nasi twapiga vigelegele. Je, twamwuliza kama waliochimba wamelipwa? Je, mjane wa yule aliyefukiwa na kifusi amepata kitu? Yakobo, katika sura ya 5, asema kilio cha mshahara uliozuiliwa chafika masikioni mwa Bwana. Afadhali sadaka ikawie, mtenda kazi alipwe kwanza. Wazee wa kanisa wasiogope kusema hivyo kwa upole, hata kama bati la paa jipya lasubiri kitita hicho.

Mungu aliyeziwasha nyota, aliyeiweka dhahabu chini ya miguu yetu, atupe mikono iliyo wazi. Awalinde walio shimoni usiku huu, awafariji wajane wao waliotangulia kulia, naye atufundishe kutoa kabla hatujapasuka. Amina.