Msalaba wa kununua



Rafiki yangu mmoja anakusanya nishani za zamani. Juzi alinionyesha msalaba mweupe wa Shirika la Kijeshi la Malta, wenye ncha nane. Akaniuliza, "Hivi ni dhambi kumiliki heshima ya mtu mwingine?"

Mi nadhani kuitunza sio dhambi. Anayetunza nishani anatunza historia. Kuivaa kifuani kana kwamba ulitunukiwa wewe, huo ni uongo.

Ila tukumbuke ilikotoka. Shirika hilo lilianzia Yerusalemu, katika hospitali ya mahujaji iliyoongozwa na Mwenyeheri Gerard. Papa Paskali wa Pili alilithibitisha mwaka 1113. Wanashirika waliwaita wagonjwa mabwana zao. Zile ncha nane hufafanuliwa kuwa ni zile Heri Nane za Bwana wetu: heri maskini wa roho, heri wenye rehema...

Sasa, rehema inauzwa duka gani?

Nikamwambia, "Tunza msalaba wako, ila Jumamosi twende wodini." Akacheka, kisha akanyamaza. Nami nikaishika rozari niliyovaa shingoni. Hata hiyo niliinunua.

Wewe je, msalaba uliouvaa umekutuma kwa nani wiki hii?