Imani kwa Gharama ya Nani?

Katika usharika wetu tumesikia shuhuda nyingi za watu walioacha kazi ili wajiajiri. Karibu zote zinafanana: Mungu alisema nami, niliandika barua, watu walinicheka, na leo mnaniona. Tunapiga makofi, na ni haki kupiga makofi. Lakini shuhuda hizo hutolewa na waliokwisha kufika. Mimi naomba nieleze habari za mwaka ambao nilikuwa sijafika, kwa maana sidhani kama niko peke yangu.

Mimi ni fundi seremala. Nilifanya kazi ya mshahara kwa miaka tisa katika karakana ya mtu hapa Dodoma. Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia hapa, nyumba zilianza kuota kila upande wa mji, na kila nyumba inataka milango. Nilimwona tajiri wangu akipokea oda asubuhi na jioni, nikajiambia kwamba Bwana amenionyesha njia. Mwaka uliofuata nikatoa notisi ya siku 28 kama sheria inavyotaka kwa anayelipwa kwa mwezi, nikaondoka na mshahara mmoja, randa mbili na msumeno. Mke wangu aliniuliza, "Sasa baba, mwezi wa tatu tutakula nini?" Nikamjibu kwa habari za ndege wa angani. Hakuuliza tena.

Oda yangu ya kwanza kubwa ilitoka kwa mwalimu mstaafu, msharika mwenzetu, aliyekuwa akijenga kwa kiinua mgongo chake. Alitaka milango sita ya mninga, akanipa nusu ya fedha kama advansi. Fedha ile iliingia wiki ambayo mwenye kibanda anadai kodi na mtoto amerudishwa nyumbani kwa ajili ya ada. Nikalipa kodi, nikalipa ada, nikanunua unga. Jumapili nikatia fungu la kumi kwenye bahasha, moyo wangu ukiwa mweupe kabisa. Ni baadaye sana nilipogundua kwamba nilimtolea Mungu sehemu ya mlango wa mama yule.

Mbao sikuwa nimenunua hata moja. Akaja mteja wa pili, kwa advansi yake nikanunua mbao za fremu za mwalimu. Akaja wa tatu, nikaanza kazi ya wa pili. Ndipo nilipoelewa kwa nini sisi mafundi tunasema "njoo kesho". Watu hudhani fundi ni mwongo kwa tabia. Wapo wa namna hiyo, siwatetei. Lakini wengi ni watu walioanza bila akiba, na mlango unaoufuata wameshaula.

Mwalimu alihamia nyumba yake kabla ya mvua. Nilisikia kwa watu kwamba mlango wa nyuma ameuziba kwa bati na mawe, na usiku anasukuma kabati. Mimi nilianza kusali ibada ya kwanza, kwa sababu yeye husali ya pili.

Je, lilikuwa tatizo la imani? Ndugu mmoja aliniambia imani yangu ilitetereka katikati, kama Petro juu ya maji. Nilimheshimu, lakini sikukubaliana naye. Imani nilikuwa nayo, tena nyingi. Kosa ni kwamba ilikuwa ikilipiwa na watu ambao sikuwaomba. Miezi ya kwanza ya kazi ya mtu binafsi ina gharama, na gharama hiyo lazima itoke mahali. Isipotoka kwenye ulichoweka mwenyewe, itatoka kwa mkeo, kwa mtoto aliyekaa nyumbani wiki mbili, kwa mwenye kibanda, au kwa mstaafu anayelala nyuma ya kabati. Kwa hiyo naona tunauliza swali vibaya tunapouliza kama kuweka akiba ni kumwamini Mungu au kutomwamini. Afadhali tuulize mzigo wa imani yangu anaubeba nani.

Wahubiri hupenda kumtaja Elisha, aliyechinja ng'ombe wake na kuwapika kwa kuni za jembe lake mwenyewe. Ni kweli, hakujiachia njia ya kurudi. Lakini Maandiko hayasemi kwamba ng'ombe wale walikuwa wa mkopo, na kabla ya kuondoka alitaka kwanza kuwaaga wazazi wake, na nyama ile aliwapa watu wakala. Yakobo na Yohana nao walimwacha baba yao mashuani, na Marko anaongeza jambo dogo ambalo sikuwahi kusikia likihubiriwa: Zebedayo alibaki na watu wa mshahara. Mzee hakuachwa peke yake na nyavu. Na Paulo, mtume mzima, alishona mahema kule Korintho.

Najua upande wa pili. Yule tajiri wa Luka 12 naye aliweka akiba, akapanga kujenga ghala kubwa zaidi, na usiku uleule akaitwa. Nina rafiki ambaye kila Januari husema anahitaji mwaka mmoja tu zaidi. Biblia haikutupa idadi ya miezi, na mimi sitaibuni.

Naweza kusema tu tulichofanya nyumbani kwetu. Mwaka 2018 nilirudi kwenye mshahara, karakana nyingine, kwa miezi kumi na minne. Kurudi kule kuliniuma, maana wapo walioniona nimerudi Misri. Tulilipa madeni kwanza, mwalimu akiwa wa mbele. Kisha tukajaribu kuishi kwa nusu ya mshahara, na nusu nyingine mke wangu akaitunza kwa jina lake. Tulihesabu matumizi ya miezi sita, na humo tukaingiza vitu nilivyovisahau mara ya kwanza: bima ya afya, iliyokoma siku ile ile ajira ilipokoma, na mchango wa NSSF, ambao angalau nusu yake alikuwa akiutoa mwajiri bila mimi kumshukuru. Jumamosi nilifanya kazi ndogo ndogo kwa vifaa vyangu, na tajiri akijua, kwa sababu kumchukulia mtu wateja kwa siri ni wizi uleule.

Siku hizi advansi ya mteja inakwenda moja kwa moja kwa muuza mbao. Fungu la kumi nalitoa mlango ukishafungwa.

Mlango wa mwisho wa mwalimu niliufunga mwenyewe. Aliniletea chai, tukainywa, wala hakusema neno juu ya lile kabati, na mimi sikusema.

Mwezi uliopita kijana mmoja wa jumuiya yetu alikuja na daftari. Anataka kuacha kazi afungue duka la vipuri vya pikipiki. Ana akiba ya miezi minne, akaniuliza kama inatosha. Nikamuuliza mkewe anasemaje. Akasema bado hajamwambia. Tukafunga daftari, nikamwomba Jumamosi aje naye.