Mshika Mbili

Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Tangu nianze shahada ya uzamili nimeambiwa methali hiyo mara nyingi, kwa sababu nachora hina na naimba taarabu, na kila mtu, kuanzia msimamizi wa tasnifu yangu hadi shangazi zangu wa Wete, anataka nichague. Wananitakia mema. Lakini mimi naliona swali hili kuwa la maadili kuliko la ratiba: je, anayehamahama kati ya sanaa mbili anazisaliti zote mbili?

Namfikiria Fatuma binti Baraka, Bi Kidude. Dunia inamjua kwa sauti na ngoma. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX kwa muziki wake, na alipofariki Aprili 2013 aliombolezwa kama mwimbaji. Lakini alikuwa pia mpambaji wa maharusi, aliyetengeneza hina na wanja kwa mikono yake, na kungwi aliyewafunda wari kwa ngoma ya unyago. Alipokuwa msichana alikimbia ndoa ya kulazimishwa, akatembea bara pekupeku. Safari hiyo tusiigeuze hadithi tamu ya msanii huru. Anayekimbia hachagui njia.

Ukizitazama kazi zake kutoka jukwaa la tuzo, utahesabu tatu au nne. Ukizitazama kutoka chumba cha bi harusi, ni moja. Hapa Pemba, msimu wa karafuu ukiisha na pesa zikiwa mkononi, harusi hufuatana, nami hukesha katika vyumba hivyo. Ninapochora naimba. Bi harusi hawezi kushika kitu wala kuinuka mpaka hina ikauke. Mikono na miguu imefungwa, masikio tu ndiyo yako huru. Maua yale na maneno yale yanamfikia mtu mmoja kwa jambo moja: kumvusha kutoka nyumba ya wazazi kwenda nyumba yake.

Basi methali ni kweli kwa anayeshika vitu vya safari mbili. Anayeshika kasia moja kwa mikono miwili hajashika mbili.

Linaloniuma zaidi ni heshima. Wimbo hurekodiwa, hina hufifia baada ya wiki mbili tatu. Anayeimba tunamwita msanii. Anayechora ni "yule mpaka hina", na bei yake tunaishusha mlangoni. Lakini kama kudumu ndiko kipimo, basi kumpikia mgonjwa uji, kumbembeleza mtoto na kumwosha maiti si kitu. Hakuna kati yetu anayeamini hivyo.

Msimamizi wangu ameomba pendekezo jipya la utafiti, lenye sanaa moja. Anasema mada yangu ni pana mno, na huenda nikachelewa kuhitimu. Nimelipunguza kwa namna nyingine: nimeacha miji yote, nikabaki na chumba kimoja, usiku mmoja wa hina. Sanaa zimebaki mbili.